Kima, papa na chenji: kutengeneza katuni ya kupindua hadithi ya kale kwa manila na simu

Ukizitazama upya zile katuni za zamani zilizochukua hadithi za kale na kuzipindua, utashangaa jinsi zinavyosonga kidogo. Binti mfalme amesimama kama mlingoti, mdomo tu ndio unaofunguka na kufumbika. Farasi anakimbia akipita mti uleule mara sita. Mtoto aliyekaa sakafuni mbele ya televisheni ya Greatwall hakuyaona hayo, maana kilichokuwa kikicheka ni sikio lake. Ndiyo sababu katuni ya namna hii inaweza kutengenezwa mezani, kwa manila na simu, wikendi moja, na bado ikavunja mbavu. Sharti ni moja: sauti itangulie, picha zifuate.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo. Mwaka 1943 mwongozaji wa katuni Tex Avery, akiwa studio ya MGM ya Marekani, alifungua Red Hot Riding Hood, yaani hadithi ya binti wa kofia nyekundu na mbwa mwitu, kwa utaratibu wa kawaida kabisa, na msimulizi mpole, mpaka mbwa mwitu akagoma kwamba hadithi hiyo imemchosha. Binti na bibi yake nao wakalalamika, ikabidi msimulizi aanze upya. Mwaka 1959 mtayarishaji Jay Ward alileta Fractured Fairy Tales kwenye televisheni ya Marekani. Bajeti ilikuwa nyembamba na uchoraji ukapelekwa Mexico kupunguza gharama. Kilichozibeba hadithi hizo ni maneno, na sauti ya Edward Everett Horton aliyesimulia upuuzi wote ule kwa adabu ya mzee anayesoma wosia.

Hapa tunatengeneza moja ya sekunde 90: vibaraka vya karatasi vinasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, kisha picha zinachezwa mfululizo.

Hadithi, na kanuni moja tu ya kuvunja

Chagua hadithi ambayo mtazamaji anaijua mpaka mwisho. Asipoijua hataona kilichopinduliwa, ataona vurugu tu. Mfano wetu ni kima na papa: kima anaishi juu ya mkuyu kando ya bahari, papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya maji anamwambia kuwa Sultani ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini. Ni hadithi iliyochapishwa tangu 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi zilizosimuliwa Zanzibar, kwa hiyo hakuna wa kukudai. Michoro ya kitabu cha darasa la tatu ni kitu kingine: ile ina mwenyewe, usiinakili.

Sasa badilisha kitu kimoja. Hapa, papa ni matatu. Mkuyu ubaki, bahari ibaki, Sultani aendelee kuugua. Ukiongeza kwamba kima naye ana simu na Sultani ni mganga wa mitandaoni, umeshapotea: vichekesho vinaanza kugombania nafasi, na hakuna anayekumbuka moyo uko wapi. Kitu kimoja kikibadilika, vingine hujileta vyenyewe:

Papa: Sultani hamsini, Sultani hamsini! Mmoja wa haraka tuondoke!
(Kima anapanda. Anatoa noti ya elfu moja.)
Papa: Chenji utapata mbele.
(Mvua inaanza.)
Papa: Sasa ni mia.
Kima: Si ulisema hamsini?
Papa: Ulipanda kukiwa na jua.
Msimulizi: Walipofika katikati ya bahari, papa akamwambia rafiki yake ukweli.
Papa: Na ukishuka, uteremke na moyo mkononi. Sultani anaungoja.
(Kimya.)
Kima: Moyo nimeuacha mtini.
Papa: Basi turudi. Lakini hiyo ni nauli nyingine.

Mwisho wa asili ni kima kuruka mtini na kuokoka. Wetu ni uleule, ila noti ya elfu moja imebaki kwa papa. Msimulizi anafunga: “Kima akakaa mtini, moyo wake salama, chenji yake baharini.” Angalia kwamba chenji ilipandwa mapema, kabla ya mvua. Kichekesho cha mwisho kisichopandwa mapema huonekana kimeokotwa njiani.

Maneno yote yasizidi 150. Sekunde 90 zinaonekana nyingi, lakini kimya nacho kinakula muda wake. Majina ya wanasiasa na sheng ya mwezi huu viache. Msimulizi aongee Kiswahili cha kitabuni, kilichonyooka; lugha ya stendi iwe ya papa peke yake. Tofauti hiyo ya lugha ndiyo nusu ya mchezo.

Sauti

Nairobi haina ukimya wa mchana. Rekodi kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, ukiwa umejifunika blanketi zito pamoja na simu, au umeingiza kichwa kwenye kabati la nguo. Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae hurudisha mwangwi, na mwangwi ni mgumu kuuondoa baadaye. Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, isielekee midomo moja kwa moja. Hadithi hii imejaa p: “papa”, “Paukwa”, “Pakawa”. Kila p inapuliza, na pumzi ikipiga maikrofoni inasikika kama mlango unaobamizwa.

Rekodi kila mhusika peke yake, kila mstari mara tatu. Kisha acha simu ikirekodi sekunde 30 za kimya cha chumba kilekile; utaziweka chini ya vituo vya kimya kati ya mistari, vinginevyo kila kituo kitasikika kama stima imepotea. Honi ya matatu ichukue kando, mchana, kituoni. Iko tele.

Msimulizi asicheke, wala asionyeshe kwamba anajua kuna la kucheka. Hili ndilo linaloharibu nyingi: msomaji anafika “Ulipanda kukiwa na jua” huku sauti yake ikitabasamu. Mwambie afikirie anasoma taarifa ya habari.

Fungua kwa “Paukwa!” na uache sekunde nzima ya kimya. Watazamaji watajaza “Pakawa!” wenyewe, na ukiwanyima nafasi hiyo umeanza kwa kuwakosea heshima.

Ukimaliza kuunga vipande kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata sauti za chini ya hezi 100 na za juu ya hezi 6,000 kwa msimulizi pekee, na toa sauti ya chaneli moja. Hapo ndipo uzamani unapotoka. Mikwaruzo ya filamu ya kubandika kwa programu haihitajiki. Kila mtu ameshaizoea na haimdanganyi mtu.

Halafu zima skrini na usikilize. Isipochekesha kwa masikio pekee, rudi kwenye maneno. Karatasi haitaiokoa.

Miraba ya hesabu

Chukua daftari la hesabu la miraba. Mraba mmoja ni picha moja, miraba 12 ni sekunde moja, mstari mmoja kwa kila sekunde, mistari 90. Sikiliza sauti ukiandika silabi ndani ya miraba. Neno linaloanza sekunde ya 31 na nusu linaanguka mraba wa 379.

Hapa Kiswahili kinakubeba. Karibu kila silabi yetu inaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo midomo minne inatosha: fumbo (m, b, p, na hata f na v), wazi (a), bapa (e, i) na duara (o, u). Chukua “hamsini”: ha ni wazi, picha mbili, m ni fumbo, picha moja, si na ni ni bapa, picha mbili mbili. Jumla picha saba, zaidi kidogo ya nusu sekunde, ndiyo kasi ya makanga aliyetulia. Ila ukiweka bapa nne mfululizo mdomo utaonekana umeganda, kwa hiyo kati ya si na ni punguza upana wa mdomo kidogo. Na mdomo utangulie sauti kwa picha moja. Ukichelewa hata picha moja jicho linashtuka. Ukitangulia halisemi kitu.

Skrini itaonyesha picha 1,080, lakini si zote za kupiga. Sekunde 30 ni picha zilizosimama, msimulizi akiongea. Sekunde 25 ni nyuso zinazoongea, ambazo unapiga midomo minne kwa kila mhusika, pamoja na kope za kufumba, kisha unazinakili na kuzipanga ndani ya programu. Sekunde 10 ni safari ya baharini inayojirudia. Zinabaki sekunde 25 za mwendo wa kweli, yaani picha 300. Ukijumlisha na zile nyingine, kazi nzima ni kama picha 340. Anayeanza hupiga mbili au tatu kwa dakika, kwa hiyo tenga saa mbili na nusu za kupiga peke yake, na jioni nzima kabla yake ya kukata.

Vibaraka

Nunua manila tano: mbili nyeupe, mbili za buluu, moja ya kahawia. Ongeza pakiti moja ya Blu-Tack (ile nata laini ya kubandikia inayobandukika), uzi mweusi wa kushonea, sindano, wembe mpya, rula ya chuma, selotepu, na plastiki ya kufunikia vitabu vya shule.

Kima awe na urefu wa sentimita 12, vipande saba: kichwa, kiwiliwili, mkia, na mikono miwili iliyogawanyika kiwikoni. Miguu haimfai, muda wote ameketi. Papa awe sentimita 18, vipande vitatu: mwili, taya la chini, pezi. Mwisho wa kila kipande kinachoungana ukate mviringo, na vipande vipandane milimita 8. Ukiuacha mwisho wa mraba, kiwiko kikipinda kona itatokeza kama msumari.

Kuunga ni hivi: pitisha uzi mara mbili kwenye tundu moja, piga fundo mbele, vuta, piga fundo nyuma, funika fundo la nyuma kwa selotepu. Jaribu kwa ncha ya kidole. Mkono ubaki pale ulipouacha. Ukianguka, fundo limelegea. Ukibeba na kiwiliwili, umekaza mno, na manila itaanza kujikunja hapo. Fundo la mbele lipake rangi ya kipande chenyewe.

Jambo dogo linalosahaulika ni ukingo. Manila nyeupe iliyopakwa rangi ya kalamu ya wino mzito inaonyesha uzi mweupe pembeni kila unapoikata, na chini ya taa uzi huo unang'aa kuliko uso. Pitisha ubavu wa kalamu kwenye ukingo mzima baada ya kukata. Rangi ya maji iepuke, inaikunja karatasi. Krayoni za nta zinameta.

Macho na midomo visigandishwe kwa gundi. Bandika kwa chembe ya Blu-Tack yenye ukubwa wa punje ya mchele, na uviondoe kwa ncha ya sindano. Chembe ikiwa kubwa, mdomo unainuka na kutupa kivuli.

Bahari inayojirudia

Hii ndiyo hila ya zamani ya mti uliopita mara sita, na ndiyo inayookoa usiku wako. Kata vipande viwili vya manila ya buluu, kila kimoja sentimita 60 kwa 8, na juu uchonge mawimbi yenye urefu wa sentimita 10 kutoka kilele hadi kilele, yote sawasawa. Kata wimbi moja kwanza na ulitumie kama kielelezo. Manila ikiwa fupi, unga kwa selotepu upande wa nyuma. Fremu yako ni sentimita 40 kwa 30, umbo la televisheni ya zamani, kwa hiyo kila kipande kinazidi kwa sentimita 10 kila upande.

Bandika rula chini ya fremu, nje ya picha. Kipande cha nyuma kisogee milimita 5 kila picha. Baada ya picha 20 kimesogea sentimita 10 kamili, yaani wimbi moja, na picha inayofuata ingefanana na ya kwanza. Kipande cha mbele kisogee milimita 10. Baada ya picha 10 kirudishe kilipoanzia, jicho halitajua. Papa akae kati ya vipande viwili, katikati ya fremu, apande milimita 2 kila picha kwa picha tano, ashuke kwa tano. Picha hizo 20 zikirudiwa mara sita ni sekunde 10 za safari. Zitumie msimulizi anapoongea tu. Wahusika wakianza kujibizana, kata uende kwenye uso mmoja mkubwa, la sivyo utalazimika kubadilisha midomo ndani ya mzunguko na hila yote itavunjika.

Mvua ni plastiki ya vitabu: vipande vitatu vyenye mistari mieupe ya mshazari, ukipokezana cha kwanza, cha pili, cha tatu, picha mbili kila kimoja. Plastiki inaakisi taa, kwa hiyo kwa picha hizo shusha taa mpaka mwanga uje karibu na usawa wa meza.

Kupiga picha

Weka kreti za soda kila upande wa meza, ubao juu yake, simu imelazwa ubaoni na kamera imetokeza ukingoni ikitazama chini. Pandisha mpaka fremu ijae. Kwa simu nyingi ni kati ya sentimita 35 na 50. Kila mwisho wa ubao kaza kwa pakiti ya unga ya kilo mbili. Usiguse simu kupiga: tumia kitufe cha sauti cha waya wa masikioni au kidude cha Bluetooth. Laini izimwe kabisa. Ujumbe mmoja wa M-Pesa ukitetemesha simu katikati ya mwendo, papa ataruka na hakuna marekebisho.

Programu ya Stop Motion Studio inatosha. Weka picha 12 kwa sekunde, washa kivuli cha picha iliyotangulia, kisha ufunge vitu vitatu kabla ya picha ya kwanza: mwanga, fokasi na rangi ya weupe. Ukiviacha vijiamulie, kamera itaupima upya mwanga kila mkono wako unapotoka, na katuni itapepesa kama balbu inayokufa. Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe linarusha mwanga mezani unapoinama, na kila kuinama kwako kutaonekana.

Dirisha lifunge. Mawingu ya Nairobi, hasa Julai, hayakai dakika tano bila kubadilika, na siku ya jua kivuli kinahama kama nyuzi 30 kwa saa mbili. Tumia taa mbili za LED zinazofanana, kila moja upande wake, kwa pembe ya nyuzi 45. Jirani akiwasha shawa ya stima na taa zikanywea kidogo, subiri amalize kuoga. Kila baada ya picha 20 cheza klipu na utazame kona za juu. Mpepeso huonekana hapo kwanza. Stima ikipotea, usiguse kitu mezani. Ikirudi, ngoja dakika chache taa zitulie, piga picha moja bila kusogeza chochote, ulinganishe na ya mwisho.

Mwendo wenyewe: anza kidogo, ongeza, punguza. Mkono wa kima ukitoa noti usogee milimita 2, 4, 8, 8, 4, 2. Ukisogea sawasawa mwanzo mpaka mwisho utaonekana wa mashine.

Na kuna ile picha ya kima akitazama kamera. Papa amesema “Ulipanda kukiwa na jua”. Kima anamtazama papa, halafu mboni peke yake zinageuka kwetu. Picha mbili za kugeuza, kisha picha 18 bila kitu kusogea, mvua imekoma kusikika. Sekunde moja na nusu. Ukiweka 10 haitoshi kwa mtu kujiona ndani ya matatu hiyo. Ukiweka 30, ameshachoka. Usimwekee kima kope za kufumba hapo, wala kuinua nyusi.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, vinginevyo itabanwa na mistari ya mvua igeuke ukungu. Mwishoni, baada ya “chenji yake baharini”, skrini iwe nyeusi kwa sekunde tatu, na katika ya pili weka sauti ya papa, ya mbali: “Mbele! Utapata mbele!”